Fundi na Shujaa: Suala la Uongozi katika Falsafa ya Ella Baker

Utangulizi

Miongoni mwa maswali ambayo falsafa ya maadili imeyarithi kutoka zama za kale, ni machache yanayomhusu mhakiki wa fasihi kama hili: je, mtu mkuu huwainua walio chini yake, ama huwapunguzia kimo? Fasihi yenyewe si shahidi asiyeegemea upande wowote katika shauri hili. Utendi, kisakale, tamthilia na aghalabu riwaya pia huhitaji mtu mmoja ambaye macho ya hadhira yatamfuata tangu mwanzo hadi mwisho. Umma huwekwa nyuma yake uwe mandhari: hulia, hushangilia, hukimbia, husubiri. Kwa hivyo msomaji aliyelelewa na fasihi hiyo huingia katika historia akiwa tayari ana kiti alichomwandalia shujaa, na asipomwona hudhani kwamba hakuna kisa.

Makala hii inalichunguza suala hilo kupitia imani za Ella Josephine Baker, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa tarehe 13 Desemba 1903 mjini Norfolk, Virginia, na kufariki New York tarehe 13 Desemba 1986, siku aliyotimiza umri wa miaka 83. Baker alifanya kazi katika vyama vitatu vikuu vya harakati za haki za raia nchini Marekani, na katika vyote vitatu alibishana na dhana ya kiongozi mmoja ambaye wengine wote humtegemea. Hakuandika kitabu wala tawasifu. Fikra zake zimo katika hotuba, mahojiano, makala chache za magazeti, na zaidi ya yote katika mwenendo wa watu aliowafunza. Inadaiwa hapa kwamba fikra hizo ni falsafa kamili ya uongozi, kwamba zina nguvu na zina udhaifu, na kwamba zinamdai mhakiki ajiulize upya maana ya shujaa.

Neno "fundi" na mzigo wake

Mnamo 1981 Joanne Grant, aliyekuwa mwanaharakati pamoja na Baker, alitoa filamu kuhusu maisha yake na kuipa jina la Kiswahili: Fundi. Maelezo yaliyoambatana na jina hilo yalisema kwamba fundi ni mtu anayekirithisha kizazi kinachofuata ufundi alio nao. Kwa mtaalamu wa Kiswahili, maelezo haya yanastahili kupimwa kabla ya kusifiwa.

Kiswahili kilikuwa kimekwisha kupata makao miongoni mwa Wamarekani Weusi kabla ya filamu hiyo. Sherehe ya Kwanzaa, iliyoanzishwa mwaka wa 1966, iliazima istilahi zake kutoka lugha hii. Hata hivyo, maneno mengi yaliyoazimwa wakati huo yalikuwa majina ya tunu: umoja, ujamaa, imani, uhuru. Fundi ni neno la namna nyingine. Halitoki jukwaani, linatoka karakanani, penye randa, cherehani na mwiko wa kupigia lipu. Ni neno la kazi inayoonekana na kupimwa kwa matokeo yake.

Yafaa pia kukiri kwamba katika matumizi ya kila siku ya Waswahili, fundi ni mwenye ujuzi kwanza, na mwenye kufundisha pili. Yuko fundi anayeificha siri ya kazi yake hata kwa mwanagenzi aliyekaa naye miaka mitano, akihofia kunyang'anywa wateja. Lakini neno lenyewe lina udugu wa sauti na maana na vitenzi "funda" na "funza". Anayefunda mwali hamfanyii kazi ya utu uzima; humtayarisha aifanye mwenyewe, kisha humwachia njia. Kwa hivyo jina la filamu halikupotosha maana ya Kiswahili. Lilichagua upande mmoja wa maana hiyo na kuukazia. Upande huo ndio unaomfaa Baker, na swali lake kuu la kimaadili linaweza kuelezwa kwa lugha ya karakana: je, fundi apimwe kwa samani alizotengeneza yeye, ama kwa idadi ya watu wanaoweza kutengeneza samani baada yake?

Chimbuko la imani

Imani za Baker hazikuanzia vitabuni. Alilelewa Littleton, North Carolina, akisikiliza simulizi za nyanyake mzaa mama, Josephine Elizabeth Ross, ambaye alizaliwa utumwani. Nyanya huyo alikuwa amekataa kuolewa na mwanamume aliyechaguliwa na wamiliki wake, na kwa kukataa huko akaadhibiwa kwa kupelekwa kulima shambani. Baadaye aliolewa na mtu aliyemtaka mwenyewe, Mitchell Ross, mhubiri ambaye baada ya utumwa kukomeshwa alinunua sehemu ya ardhi ile ile ambayo watumwa walikuwa wameilima bila malipo. Simulizi hizi zina maana kubwa katika kuelewa mtazamo wa mjukuu. Mtu ambaye si wa ukoo wa kifalme, asiye na jeshi wala jukwaa, alikuwa amesema "la" mahali ambapo neno hilo lilikuwa na bei. Baker hakuhitaji kuambiwa kwamba watu wa kawaida wana uwezo wa kuamua. Alikuwa amekula meza moja na ushahidi.

Alihitimu katika Chuo Kikuu cha Shaw mjini Raleigh mwaka wa 1927 akiwa wa kwanza darasani, kisha akahamia Harlem, New York. Mdororo mkuu wa uchumi ulipoanza, alijiunga na vijana waliounda vyama vya ushirika vya wanunuzi Weusi. Mwaka wa 1935 yeye na Marvel Cooke waliandika katika jarida la The Crisis kuhusu wanawake Weusi waliosimama katika pembe za mitaa ya Bronx kila asubuhi, wakisubiri wake wa nyumba waje kuwakodi kwa saa chache kwa malipo duni. Makala hiyo haiwaombei wanawake hao huruma ya mfadhili. Inaonyesha jinsi soko hilo linavyofanya kazi, nani anafaidika, na kwa nini kila mwanamke aliyesimama peke yake analazimika kukubali bei ya chini kuliko mwenzake. Tayari hapa pana msingi wa falsafa yake ya baadaye: dhuluma ina mizizi katika mpangilio wa mambo, na anayeumia akiijua mizizi hiyo huacha kuwa mwombaji. Katika hotuba aliyoitoa Atlanta mwaka wa 1969 alilirudia wazo hili kwa kusema kwamba mtu wa msimamo mkali, kwa maana ya asili ya neno hilo, ni yule anayekifikia chanzo cha jambo na kukielewa.

Wanachama na hesabu ya wanachama

Mapema katika miaka ya arubaini Baker aliajiriwa na NAACP, yaani Chama cha Kitaifa cha Kuwaendeleza Watu Weusi, na kuanzia 1943 hadi 1946 alikuwa mkurugenzi wa matawi yake. Alisafiri kwa miezi mingi kila mwaka katika majimbo ya Kusini, ambako kujulikana kuwa mwanachama kungeweza kumgharimu mtu kazi, nyumba au uhai. Idadi ya wanachama iliongezeka sana katika muongo huo. Hata hivyo, yeye mwenyewe hakuridhishwa na ongezeko hilo, na mwaka wa 1946 alijiuzulu.

Kutoridhika kwake kulitokana na jambo ambalo huonekana dogo mpaka litazamwe kwa makini. Makao makuu yalimhesabu mwanachama kwa ada yake. Mwanachama alilipa, wanasheria wakaenda mahakamani, taarifa ya ushindi ikachapishwa. Baker hakukana thamani ya kesi zile. Alichohoji ni kile kinachomtokea mwanachama katika utaratibu huo. Amesaidiwa, naam, lakini je, amebadilika? Siku ambayo wakili hayupo, yuko imara zaidi kuliko alivyokuwa? Ndiyo maana alisisitiza makongamano ya kuwafunza viongozi wa matawi, na katika mojawapo, lililofanyika Atlanta mwaka wa 1946, alihudhuria mwanamke kutoka Montgomery aliyeitwa Rosa Parks.

Jina la Montgomery linaleta mfano ulio bayana. Katika simulizi iliyozoeleka, mgomo wa mabasi ulioanza tarehe 5 Desemba 1955 na kudumu siku 381 ni kisa cha Martin Luther King, kijana wa miaka 26 aliyetokea na kuwaongoza watu wake. Simulizi hiyo si ya uongo, ila imeanzia katikati. Kabla King hajachaguliwa, Jo Ann Robinson na Baraza la Kisiasa la Wanawake walikuwa wamekesha wakichapa maelfu ya vikaratasi vya kuutangaza mgomo, na E. D. Nixon alikuwa amekwisha kuanza kuwapigia simu wachungaji. Umma ulikuwa umejipanga, kisha ukamchagua msemaji. Kauli ya Baker kuhusu jambo hili inajulikana: kwamba King hakuyaunda mapambano, bali mapambano ndiyo yaliyomuunda King.

Mgogoro na uongozi wa haiba

Mwaka wa 1957 wachungaji wa Kusini, King akiwa rais wao, waliunda SCLC, yaani Baraza la Uongozi wa Kikristo la Kusini. Mwanzoni mwa 1958 Baker alikwenda Atlanta kuianzisha kazi ya baraza hilo, akaanza bila ofisi wala simu yake mwenyewe. Alikaa hapo zaidi ya miaka miwili akiwa mtendaji, ilhali cheo cha mkurugenzi hakikupewa yeye kwa ukamilifu. Sababu hazikumfichikia: alikuwa mwanamke, hakuwa mchungaji, na alikuwa na umri mkubwa kuliko wanaume aliotarajiwa kuwatii.

Upinzani wake kwa uongozi wa haiba una hoja tatu ambazo yafaa kutenganishwa. Hoja ya kwanza ni ya kimkakati. Mtu mmoja anaweza kuuawa, kufungwa, kununuliwa au kukosea, na chama kilichojengwa juu ya mabega yake huanguka pamoja naye. Hoja ya pili ni ya kielimu. Anayeamini kwamba ukombozi utaletwa na mwingine hana sababu ya kujifunza kuuleta. Hoja ya tatu, iliyo ya msingi zaidi, ni ya kimaadili. Ubaguzi wa rangi ulikuwa umewaambia watu Weusi kwa karne nyingi kwamba wao hawawezi kujiamulia. Harakati inayowaambia wakae kimya wamsikilize mkombozi wao huwaambia jambo lile lile kwa sauti ya upole. Njia ya ukombozi ikifanana na utumwa katika jambo hili moja, basi utumwa haujakoma, umebadilisha mlinzi.

Katika kisa cha Fumo Liyongo, kinachofahamika kotekote katika pwani ya Afrika Mashariki, shujaa aliyechomwa kitovuni na mwanawe hupiga goti karibu na kisima, uta mkononi, na kufia katika hali hiyo. Wenyeji huogopa kwenda kuteka maji kwa kudhani kwamba angali hai. Kisa hiki huhakikiwa kama tanzia ya usaliti, na ni sawa. Lakini kina picha nyingine ambayo Baker, kama angekijua, huenda angeiona kwanza: mji mzima una kiu, maji yapo, na kati ya watu na maji umesimama ukubwa wa mtu mmoja.

Raleigh, Aprili 1960

Tarehe 1 Februari 1960 wanafunzi wanne wa chuo kimoja cha Greensboro, North Carolina, waliketi katika mkahawa wa duka lililowakataza watu Weusi kuketi hapo, wakaomba kuhudumiwa. Katika majuma machache mfano wao ulienea miji mingi ya Kusini. Baker aliomba dola 800 kutoka SCLC akawaita wanafunzi hao katika kongamano kwenye chuo chake cha zamani, Shaw, kuanzia tarehe 15 hadi 17 Aprili. Walifika zaidi ya 200.

Viongozi wa SCLC walitaka vijana hao wawe tawi la baraza lao. Jambo hilo lilipojadiliwa faraghani, Baker alikataa na kuondoka kikaoni. Aliwaeleza wanafunzi kwamba uamuzi ni wao, nao wakaamua kuunda chombo kinachojitegemea: SNCC, yaani Kamati ya Wanafunzi ya Kuratibu Harakati Zisizotumia Nguvu. Katika makala aliyoiandika mwezi uliofuata, Baker alieleza kwamba vijana hawakuwa wakipigania chakula cha mkahawani tu, na akawasifu kwa kupendelea uongozi unaotokana na kundi badala ya kundi linalomzunguka kiongozi.

Mtindo wake wa kuongoza ndani ya SNCC unaweza kuchunguzwa kama mtindo wa usemi. Alihudhuria mikutano iliyodumu hadi usiku wa manane, akanyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza swali. Swali ni tamko la namna ya pekee: linamtambua anayeulizwa kuwa mwenye jibu. Mhubiri hutumia balagha ili hadhira ikubali. Muulizaji hutumia ukimya ili hadhira iseme. Mwaka wa 1961, wanafunzi walipokaribia kugawanyika juu ya suala la kufanya maandamano au kuandikisha wapiga kura, Baker aliyependelea kuwaachia mambo yao aliingilia kati na kupendekeza kwamba pawe na mikono miwili ndani ya chama kimoja. Hakuwaamulia lililo bora. Aliwazuia wasipoteze chombo cha kuamulia.

Jambo moja la lugha lisipuuzwe. Katika chama ambacho kilidharau vyeo, karibu kila mtu alimwita Baker kwa jina lenye heshima: Bi. Baker. Kusini mwa Marekani wakati huo, Mzungu alimwita mwanamke Mweusi kwa jina lake la kwanza, awe bikizee au daktari, na ilihitajika Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika kesi ya Mary Hamilton mwaka wa 1964, kutengua adhabu aliyopewa mwanamke kwa kukataa kujibu alipoitwa hivyo mahakamani. Kwa hivyo "Bi." hiyo haikuwa ngazi ya kumwinua mtu juu ya wenzake. Ilikuwa heshima ambayo kila mtu angestahili kupewa. Baker hakupinga heshima; alipinga utegemezi.

Mississippi: nani ana haki ya kuamua?

Katika majira ya joto ya 1960 Baker alimpa kijana mwalimu wa hisabati kutoka New York, Robert Moses, majina ya watu wa kuwatembelea Mississippi. Mmoja wao, Amzie Moore, hakutaka migomo ya mikahawani. Alitaka kura. Moses, aliyekuja na elimu ya Harvard, alisikiliza na kuufuata mpango wa mwenyeji. Hatua hiyo ndogo ndiyo falsafa ya Baker ikitendeka: msomi anafika, mwenyeji anajua.

Mwaka wa 1964 kazi hiyo ilizaa Chama cha Kidemokrasia cha Uhuru cha Mississippi. Katika mkutano wake wa Agosti mjini Jackson, Baker alitoa hotuba kuu. Siku mbili kabla, miili ya wanaharakati watatu waliouawa mwezi Juni, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, ilikuwa imefukuliwa. Wawili kati yao walikuwa Wazungu, na taifa zima lilikuwa limewatafuta. Katika msako huo ilipatikana pia miili ya watu Weusi ambao hakuna aliyekuwa akiwatafuta. Baker alisema kwamba hapatakuwa na mapumziko mpaka kuuawa kwa mtoto wa mama Mweusi kuhesabiwe kuwa na uzito sawa na kuuawa kwa mtoto wa mama Mzungu.

Wajumbe wa chama hicho walikwenda Atlantic City kudai viti vya jimbo lao katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic. Miongoni mwao alikuwa Fannie Lou Hamer, mkulima wa pamba aliyefukuzwa shambani mwaka wa 1962 kwa kujaribu kujiandikisha kupiga kura, na kupigwa vibaya korokoroni mwaka wa 1963. Wakuu wa chama waliwapa viti viwili, tena wakawateua wao wenyewe watu wa kuvikalia. Baadhi ya viongozi mashuhuri, akiwemo Bayard Rustin, waliwashauri wajumbe wakubali, kwa hoja kwamba siasa ni sanaa ya kupata kinachopatikana. Wajumbe waliwasikiliza wote, wakajadiliana, wakakataa.

Hapa ndipo swali la kimaadili linapokuwa kali. Huenda washauri walikuwa na busara zaidi ya kisiasa. Lakini je, busara inampa mwenye nayo haki ya kumwamulia aliyebeba gharama? Jibu la Baker ni la. Uamuzi wenye dosari unaofanywa na wahusika huwaachia somo na hadhi. Uamuzi mzuri unaofanywa kwa niaba yao huwaachia faida tu. Yafaa kuongeza kwamba kukataa huko hakukuwa upofu: mwaka wa 1968, mjini Chicago, ujumbe wa Mississippi uliochanganya Weusi na Weupe ulikubaliwa, Hamer akiwemo.

Pingamizi

Falsafa hii haiwezi kuachwa bila kujaribiwa. Waswahili wamesema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. SNCC yenyewe ni ushahidi wa methali hiyo. Mikutano isiyo na mwisho iliwachosha watu, migawanyiko ikaongezeka, Wazungu wakaondolewa chamani kwa uamuzi wa Desemba 1966, na mwanzoni mwa miaka ya sabini chama kilikuwa kimekwisha. Jibu linalotolewa mara nyingi, kwamba SCLC nayo ilidhoofika baada ya King kuuawa tarehe 4 Aprili 1968, halitoshi. Linaonyesha tu kwamba njia zote mbili hufa.

Jibu lililo bora hutazama mahali pengine. Mississippi ilikuwa imeandikisha asilimia 6.7 tu ya watu wazima Weusi kabla ya Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965. Kufikia 1967 ilikuwa asilimia 59.8. Ni haki kusema kwamba sheria hiyo isingepitishwa bila sauti ya King na macho ya dunia huko Selma. Ni haki vilevile kusema kwamba sheria haiendi yenyewe hadi ofisi ya msajili. Ilihitaji watu wa vijijini waliokwisha kujifunza kutoogopa. Haiba ilifungua mlango. Ufundi uliwapa watu miguu ya kuupita. Baker alikosea iwapo alidhani kwamba mlango ungefunguka bila kishindo. Wapinzani wake walikosea kudhani kwamba kishindo kinatosha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Palipokataliwa kiongozi wa wazi, huzuka kiongozi wa siri, naye hawezi kuulizwa wala kuondolewa kwa kura. Baker mwenyewe alikuwa na mamlaka makubwa katika SNCC bila kuwa na wadhifa wa kuchaguliwa. Hatari hii ni ya kweli, na kinga yake si kanuni bali ni tabia: utayari wa mwenye mamlaka kuyapunguza. Robert Moses alipoona mwanzoni mwa 1965 kwamba jina lake linageuka kuwa nguzo ya watu, aliliacha, akajiita Robert Parris, na baadaye akaondoka. Alikwenda Tanzania, akafundisha hisabati katika shule ya sekondari huko Same kuanzia 1969 hadi 1976, na aliporudi Marekani alianzisha mradi wa kuwafundisha aljebra watoto wa maskini. Lakini falsafa inayotegemea watu wenye nidhamu ya namna hiyo lazima ikiri kwamba inahitaji watu adimu, ilhali iliahidi kutohitaji watu adimu.

Pingamizi la tatu linahusu jinsia. Mwanamke anapokataa kutajwa, je, amechagua, ama amekubaliana na ulimwengu ambao usingemtaja hata hivyo? Kujinyima umaarufu ni fadhila kwa mtu ambaye umaarufu ulikuwa unamsubiri. Kwa aliyenyimwa, fadhila hiyo inafanana mno na dhuluma. Jibu linapatikana katika ukweli kwamba Baker hakunyamaza juu ya kunyimwa. Aliisema wazi sababu ya kutopewa ukurugenzi wa SCLC, akawakosoa wachungaji mbele yao, na hakuifunika dhuluma kwa vazi la unyenyekevu. Kukataa cheo na kunyimwa cheo ni mambo mawili, na yeye aliyajua yote mawili bila kuyachanganya. Hata hivyo msomaji mwadilifu atabaki na wasiwasi, na ni vyema abaki nao. Falsafa ya kujificha ikisifiwa bila tahadhari, itawafaa sana wale wanaopenda wanawake wafanye kazi na wanaume watoe hotuba.

Hitimisho

Imebainishwa katika makala hii kwamba Ella Baker hakupinga uongozi. Alihamisha kipimo chake. Kipimo cha shujaa ni tendo lake. Kipimo cha fundi ni kile ambacho wengine wanaweza kukitenda bila yeye. Kipimo hiki ni kikali, kwa kuwa kiongozi hawezi kukifanyia tathmini akiwa angali jukwaani. Lazima aondoke kwanza.

Kwa mhakiki wa fasihi, funzo ni kwamba usimulizi una maadili yake. Mwandishi akimweka mtu mmoja mbele na umma nyuma, amechukua msimamo kuhusu nani anayeweza kutenda duniani, hata kama hakukusudia. Wanahistoria waliomwandika Baker tangu alipofariki wamekabiliwa na kitendawili hicho: kumtoa mafichoni ni haki yake, na papo hapo ni kumfanya shujaa ambaye hakutaka kuwa. Njia iliyo salama kiasi ni kuandika juu yake kwa namna ambayo majina ya wengine huongezeka kila ukurasa: Josephine Ross, Jo Ann Robinson, Amzie Moore, Fannie Lou Hamer. Historia ya namna hiyo ina wahusika wengi na ni vigumu kuikariri. Lakini ndiyo inayomwachia msomaji nafasi ya kujiuliza ni kazi gani iliyobaki, na kama yeye mwenyewe ameanza kujifunza kuifanya.